Mlango Ambao Kitabu Hakikuufunga

Walikutana kwenye maonyesho ya vitabu, siku ambayo ukumbi ulifurika watu mpaka mtu alikosa pa kuweka kiwiko. Fundi miwani alikuwa ameshika kitabu cha mchezo wa mezani, anakiponda mbele ya rafiki yake. Waandishi hawa, alisema, wanadhani mwongozaji wa mchezo ni roboti, wanampangia hata namna ya kukohoa. Dada mmoja mwenye gauni la manjano, viatu mkononi kwa kuchoka, akamwuliza ni ukurasa gani uliomkera.

"Zote," fundi akajibu kwa mbwembwe.

"Pole. Zote nimeziandika mimi."

Fundi alitamani ardhi immeze. Aliomba radhi, akaomba na namba ya simu, na bahati yake yule dada alikuwa mtu wa kucheka.

Penzi likanoga. Mchana walipigiana simu wakibishana kwa utani: yeye akimwita fundi mharibifu wa kazi za watu, fundi akimwita mama amri. Kila Jumamosi fundi aliongoza mchezo chumba cha nyuma cha duka lake. Wachezaji walijifanya wasafiri, yeye akawaeleza walichokiona, wao wakasema watakachofanya, dadu zikaamua kama wamefaulu. Kwa kazi hiyo alisifika. Kitabu alikuwa anakichungulia tu, mengine anayatoa kichwani.

Mwandishi alipomaliza kisa kipya, cha mji uliopotelewa na malkia wake, mchapishaji alitaka kukiona kikichezwa kabla ya kukubali. Mwandishi hakumtafuta mwongozaji mwingine.

"Kichezeshe kama siku zote, mpenzi," alimwambia.

Lakini Jumamosi ilipofika, mchapishaji na mwandishi wakiwa wameketi pembeni, fundi alikumbuka alivyomponda mwandishi ukumbini, akaapa moyoni kwamba leo hatagusa hata nukta. Mchezaji mmoja alitaka kupanda paa la kasri, akamkatalia. Mwingine alitaka kufanya urafiki na mlinzi wa lango, akaambiwa mlinzi hana urafiki, ni kupigana tu. Kumbe mwandishi alikuwa ameacha nafasi makusudi, akaandika kitabuni kwamba hapo wachezaji waingie kwa njia yoyote watakayobuni. Fundi aliyapita maneno hayo mbio, akiwahi maelezo mazuri ya kasri ili ayasome kwa sauti. Wachezaji wakaanza kupiga miayo.

"Kwa hiyo ni kitabu ndicho kinachowafungia njia?" mchapishaji akauliza.

Mwandishi alimtazama fundi, akisubiri. Fundi akajishughulisha kupanga dadu. Angesema ukweli, wote wangejua kwamba mwongozaji hodari ameboronga, na mbele ya watu wake wa Jumamosi hakuwa tayari kwa hilo. Mchapishaji akafunga mkoba wake, akasema kisa hicho hakifai.

Mwandishi hakugomba. Alichukua kitabu chake akaondoka, na simu za fundi hakuzipokea tena. Fundi aliona haya kiasi kwamba kazi yenyewe ilimshinda: anampimia mteja miwani huku anakwepa macho yake. Jumamosi iliyofuata wachezaji walipokuja aliwaeleza alichofanya. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuumiza zaidi.

Asubuhi iliyofuata ya kazi alikwenda ofisini kwa mchapishaji, akakiri mbele ya wafanyakazi wote, jasho likimtoka: kitabu kiliacha mlango wazi, aliyeufunga ni yeye. Aliomba kichezwe upya na mwongozaji mwingine. Mchapishaji akakubali, kwa shingo upande.

Jioni mwandishi alisimama mlangoni pa duka, mikono kifuani.

"Nimepigiwa simu na mchapishaji," alisema. "Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa kuaibika."

"Ukaona bora niaibike mimi. Maneno yangu uliyalinda, mimi mwenyewe ukaniacha."

Machozi yalimlenga fundi, akayaacha. "Ndivyo nilivyofanya," alisema. "Nisamehe. Nataka kukuoa, na najua sistahili kulisema hilo leo."

Mwandishi akavuta kiti cha wateja, akakaa.

"Mama aliniona nikilia wiki nzima. Anataka kujua nani aliyeniliza. Jumapili utakuja umwambie mwenyewe, na hilo la kuoa utaliomba kwake."

"Nitamwambia nini mama yako?"

"Hilo sikuandikii."