Alama ya Kijani Chini ya Pampu

Kazi ya kwanza ya Chelimo kila asubuhi ilikuwa kutazama maji ya gari. Baada ya kuvaa sare ya shule, alifungua boneti ya pikapu ya mama yake, akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, akachungulia kama maji yamefika juu. Pikapu hiyo ilibeba maziwa ya majirani hadi kwenye mtambo wa kupoza maziwa mjini Keringet. Ilikuwa kuukuu, na mshale wake wa kuonyesha joto ulikuwa umekufa zamani. Mama alitegemea macho ya binti yake.

Lakini asubuhi za Keringet zina baridi kali. Siku moja Chelimo alikuwa amesimama jikoni, kikombe cha chai kikimpasha vidole joto, mama alipouliza kutoka zizini, "Chelimo, maji ya gari?"

"Iko sawa, Mama!"

Hakuwa ameigusa boneti. Siku hiyo hakukutokea jambo lolote, kwa hiyo kesho yake akajibu vivyo hivyo. Wiki mbili zikapita kwa namna hiyo.

Siku ya Ijumaa pikapu ilichemka mlimani, ikatoa mvuke mweupe kama chungu cha githeri kinachotokota. Mama alizima injini, akasubiri ipoe, akaongeza maji ya kijitoni na kurudi nyumbani akisimama kila mara. Alipoishika feni, ikachezacheza, na chini yake maji yalikuwa yakichuruzika.

"Pampu ya maji imekufa," alisema.

Jumatatu saa mbili asubuhi Kogo, bibi yake Chelimo, alitakiwa Nakuru kwa daktari wa macho ili aondolewe mtoto wa jicho. Alikuwa amengoja miezi mitano. Akikosa siku hiyo, angerudishwa mwisho wa foleni, na kwa sasa alikuwa akiwatambua wajukuu wake kwa sauti tu. Mguu wake mbaya haukumruhusu kutembea hadi barabara kubwa.

Mama alipiga simu kwenye duka la vipuri Nakuru, na jioni hiyo pampu mpya ikaletwa. Kwa bahati mbaya Owino, fundi wao, alikuwa amekwenda kwao Siaya kwa harusi ya dada yake.

"Tutaifunga sisi wenyewe," Mama alisema. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi miaka mitatu katika gereji ya mjomba wake kule Gilgil. Spana hazikumtisha.

Jumamosi asubuhi Mama aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. "Bwana, tupe mikono yenye subira na macho yanayoona. Amina."

"Amina," akaitikia Kogo, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta. Amina ya Chelimo haikusikika.

Walianza kwa kutoa waya wa betri. Kisha wakamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, nayo, kwa dawa ya kupoza injini iliyomo, yalikuwa ya kijani kilichopauka. Mama alichora umbo la pampu kwenye kipande cha katoni na kutoboa matundu. Kila boliti iliyotoka ilichomekwa kwenye tundu lake, kwa maana nyingine zilikuwa fupi na nyingine ndefu.

"Chelimo, uso wako umekuwa kama sufuria ya kuni!" akacheka Cherop, mdogo wake wa miaka kumi.

"Kama huna kazi," Chelimo akajibu, "linda beseni. Mbwa asiyanywe maji haya. Ni matamu, lakini ni sumu."

"Mimi nilinde maji na wewe uitwe fundi?"

"Cherop, funika hilo beseni," Mama akasema, na maneno yakaishia hapo.

Mama aliendelea kufungua boliti huku akiwaza kwa sauti. "Pampu ingekuwa inavuja polepole, ungeona maji yakipungua. Umetazama kila siku, sivyo?"

Chelimo aliichomeka boliti kwenye tundu lake. "Ndiyo, Mama."

"Basi haikuanza polepole. Imevunjika ghafla. Owino alibadilisha mkanda wa feni wiki mbili zilizopita, akaukaza mno, ukavunja beringi ya pampu. Jumatano jioni nitawaambia wenzangu wa kikundi cha maziwa wasimpe gari tena."

Chelimo aliinamisha kichwa. Pikapu nne za kikundi hicho ndizo zilizokuwa kazi ya Owino. Tena ni yeye aliyemfundisha majina ya spana, wala hakuwahi kumfukuza gerejini kwa kuwa msichana.

Saa nne Owino alipiga simu. Mikono ya Mama ilikuwa imejaa grisi, kwa hiyo Cherop akaiweka simu kwenye spika.

"Mama Chelimo, pole sana. Nimesikia gari imekusumbua."

"Mkanda wako ndio umenisumbua, Owino."

"Aa, mama! Ule mkanda niliupima na kidole gumba. Ulikuwa unabonyea vizuri."

"Usinidanganye. Mtoto wangu ametazama maji kila asubuhi. Hayakuwa yakipungua."

Owino akasema polepole, "Basi kama mtoto ameona kwa macho yake, mimi sina la kusema, mama."

Simu ikakatika. Chelimo alitamani kuingia chini ya gari asitoke.

Hatimaye pampu ya zamani ilitoka. Mama alianza kukwangua gasketi, karatasi ya kuzibia maji, iliyokuwa imegandamana kwenye injini. Akampa Chelimo pampu hiyo, kitambaa na mafuta ya taa kidogo. "Isafishe, kisha uilinganishe na mpya. Matundu yawe sawa."

Chelimo aliigeuza. Upande wa chini palikuwa na kitundu kidogo, na kutoka hapo alama ya kijani ilikuwa imeteremka na kukauka, tabaka juu ya tabaka, kama nta ya mshumaa. Alikumbuka maneno ya Owino: kitundu hicho hulia matone kabla pampu haijafa. Alama kama ile haikutengenezwa kwa siku moja. Pampu ilikuwa imelia siku nyingi, na mtu aliyetakiwa kuona alikuwa jikoni akinywa chai.

Kitambaa kilikuwa mkononi. Angefuta mara moja tu, na alama ingetoweka.

"Mbona huoshi?" Cherop akauliza.

Chelimo aliweka kitambaa chini. Akaenda hadi mbele ya gari, pampu mkononi.

"Mama, tazama hapa. Ilikuwa inavuja tangu zamani. Si Owino. Mimi... sijafungua boneti kwa wiki mbili. Nilikuwa nasema tu iko sawa."

Mama alitazama alama, kisha akamtazama binti yake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nimemwita mtu mwongo mbele yako, Chelimo. Nawe ukanyamaza."

"Nisamehe, Mama."

"Cherop, lete simu. Dada yako ana neno la kusema, na mimi pia nina langu."

Owino alisikiliza hadi mwisho, kwanza Chelimo, kisha Mama aliyemwomba radhi. Kelele za harusi zilisikika nyuma yake. "Asante, fundi wangu," akamwambia Chelimo. "Ungenyamaza, ningerudi huko nikute milango imefungwa. Sasa sikiliza: boliti msizikaze moja moja hadi mwisho. Kazeni kidogo kidogo, mkikatiza, ya juu kisha ya chini. La sivyo gasketi italia."

Kazi ikaendelea. Walibandika gasketi mpya, wakaiweka pampu, na Chelimo akatoa kila boliti kwenye tundu lake la katoni. Spana iliteleza mara mbili ikamchuna kidole. Alikifunga kwa kitambaa safi, akarudi. Walirudisha feni, mkanda, na mipira ya rejeta. Saa tisa walikuwa wamejaza maji mapya ya kijani na kurudisha waya wa betri. Mama akawasha injini.

"Iko sawa?" akauliza kutoka kwenye usukani.

Mgongo wa Chelimo ulimuuma na njaa ilimkata. Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Alipiga magoti matopeni, akamulika kwa tochi, akasubiri. Tone moja lilijitokeza kwenye mpira wa chini. Kisha la pili.

"Haiko sawa, Mama! Zima!"

Kibanio cha mpira kilikuwa kimelegea. Walingoja injini ipoe, wakakikaza, wakaongeza maji na kuwasha tena. Safari hii Chelimo alikaa pale chini nusu saa nzima hadi akaridhika.

"Pakavu," alisema. "Nimeona mwenyewe."

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaulizwa, alifungua boneti. Vidole vilikufa ganzi, lakini maji yalikuwa yamefika juu. Pikapu ikateremka hadi Nakuru bila kusita, na Kogo akatibiwa.

Jumanne jioni Mama na Kogo walirudi, bandeji ikiwa imeshatolewa. Kogo alimvuta Chelimo karibu na dirisha, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Kumbe umerefuka hivi! Na kidole hiki?"

"Ni spana, Kogo. Ya Jumamosi."

Kogo aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Nilikuwa nimeketi pale ukutani, nikisikia kila neno. Miezi mingi nimetembea kwa macho ya watu wengine. Nikiuliza kama kuna shimo mbele, naweka mguu pale ninapoambiwa. Mtu anayekuuliza kama kitu ni sawa ameazima macho yako, mjukuu wangu. Usimpe yakiwa yamefumbwa. Na ukishakosea, yafumbue haraka, kama ulivyofanya, kabla mwingine hajatumbukia."