Nyuzi Nyeusi Kwenye Shimo la Udongo

Fundi wa matofali aliitwa Kalibu, kwa jina la kile kiunzi chake cha mbao cha kufyatulia matofali. Mkewe alikanda udongo. Msimu huo walikuwa na jambo moja moyoni: kumjengea mama mkwe wa Kalibu chumba kabla ya mvua kubwa. Paa la bibi huyo lilivuja, na kifua chake kilikuwa kibovu.

Lakini matofali yaligoma. Asubuhi yalianikwa mazima, jioni yana nyufa.

"Ni hawa vyura," Kalibu alisema. Tangu manyunyu ya kwanza walikuwa wakilia kwenye shimo la kuchimbia udongo, lililotuama maji. Sasa majini mlikuwa na nyuzi ndefu za ute, zenye vidoa vyeusi. "Wanatutilia ute kwenye udongo. Tofali litashikaje?"

Akabeba ndoo ya majivu akawamwagie. Mkewe alisita. Alikumbuka baba yake mzazi naye aliwahi kumwaga majivu shimoni, na matofali yakapasuka vilevile.

"Ngoja kwanza, baba watoto. Tumwite yule dada mtafiti wa wanyama aliyefika kijijini. Kuuliza si ujinga."

Mtafiti alikuja na buti zake, akachuchumaa.

"Haya ni mayai," alisema. "Chura huyu hajulikani sana. Ameonekana sehemu chache, mbali kwa mbali. Katikati ya sehemu hizo hatujui. Labda hayupo, labda hakuna aliyetazama."

"Mbona hatagi mtoni kwenye maji tele?" mke aliuliza.

"Mtoni kuna samaki, dada. Watawameza watoto wake. Dimbwi la mvua halina samaki, ila hukauka upesi. Viluwiluwi lazima waote miguu kabla maji hayajaisha. Mkimwaga majivu, mnawaua wote."

"Na matofali yangu?"

"Hayo siyajui, kaka. Fundi ni wewe."

Mke alitazama nyuma ya nyumba, walikoanika machache kwa kukosa nafasi.

"Yale ya kivulini hayajapasuka hata moja," alisema polepole. "Ni jua, baba watoto. Nje tofali linakauka, ndani bado bichi."

Kalibu aliisogeza kando ndoo ya majivu. Aliona aibu. Msimu mzima aliwasingizia viumbe wasio na mdomo wa kujitetea.

Walichimba shimo jingine, lile la zamani wakawaachia vyura. Matofali waliyafunika kwa nyasi, yakauka taratibu. Chumba kikasimama. Mtafiti naye alipata doa jipya kwenye ramani yake.

Mvua kubwa ilipokuja, mama mkwe alikaa kitandani, mkavu, hakohoi. Mlangoni walipita vyura wadogo kama punje za maharage.

"Na hawa wanakwenda wapi?"

"Bustanini kwako, mama, kula wadudu," mke alijibu.

Nje, Kalibu alikuwa amelowa chapachapa, akizungushia miiba shimo la zamani. Mchungaji wa mbuzi alikuwa akikatiza hapo.

"Wewe, pitisha mbali mbuzi wako!" alifoka. "Humo bado kuna watoto!"