Kisima Kilichoitika

Cecilia alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka bombani. Haya alinieleza mwenyewe huku anachambua mchicha, kwa sauti ya mtu anayesimulia alivyokwenda sokoni. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na natamani nisingeyaona.

Alikuwa akifanya kazi kwenye ile bustani ya maji iliyokuwa njia ya Hombolo. Zamani ilikuwa mali ya shirika la umma: bwawa moja la kuogelea, miarobaini michache, soda zisizo baridi, na kisima. Watu walifuata kisima. Kilikuwa kipana, kimejengewa mawe na wachungaji wa kale waliokuwa wakinyweshea ng'ombe hapo. Ukiinama ukalitaja jina lako kwa nguvu, kiliitika. Mwangwi wa mlimani hukurudishia sauti yako, basi. Hiki kilikuwa na adabu zake. Mwanamume akijiita, kinasema "Naam." Msichana akijiita, "Abee." Watu walitoka hadi Morogoro kuja kusikiliza, wakacheka, wakanywa soda, wakaenda zao.

Kazi ya Cecilia ilikuwa kukaa pale mchana kutwa, na jioni kuwatoa. Hilo la kuwatoa alirithi kwa mama yake, Emilia, aliyekilinda kisima kabla yake. Emilia alimfundisha kwamba mtu akijiita majini, kitu chake kidogo hubaki chini, na lazima kiitwe kitoke kabla jua halijazama. Kwa hiyo Cecilia alishika kichwani kila jina lililoitwa, na jioni aliinama kisimani akayarudia moja moja: "Fulani, twende nyumbani." Bila jina ilikuwa hatari. "Usije ukasema mwanangu njoo," Emilia alimwonya. "Humo wako wengi. Atakuja yeyote aliyemkosa mama yake."

Ikaingia miaka ya ruksa, mashirika yakauzwa, na bustani ikapata mwenyewe mpya ambaye hatukumwona hata siku moja. Tuliyemwona ni meneja wake, Filipo, kijana mpole wa kuvaa tai kwenye jua lile la Dodoma. Yakaja makontena. Zikaja boti za kukanyaga, ukaja mtelezo mwekundu wa plastiki, na mwingine wa bomba refu la bluu lililojikunja. Unaingia juu gizani, unatokea bwawani. Kisima kikaambiwa kifungwe.

"Mama Lea, watu siku hizi wanataka kuteleza," Filipo alimwambia. "Kisima wanasikiliza mara moja wanaondoka. Na mtoto akitumbukia humo nitajibu nini mimi?"

Cecilia hakubishana. Alikuwa mjane, miguu imevimba kwa miaka ya kusimama, na kazi ilikuwa ni hiyo hiyo. Akapelekwa juu ya ngazi za bomba la bluu, kazi yake kuwasukuma watoto waingie kwa zamu.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi, na bustani imejaa. Mchana Lea, bintiye wa miaka tisa, mtoto wake wa pekee, alimletea ugali na mlenda. Mama akila kwa kuiba, mtoto akateremka kwenda kukiaga kisima. Kutoka juu Cecilia alimwona ameinama, akamsikia anajiita.

"Lea."

"Abee," kisima kikaitika.

Mafundi wakamwondoa taratibu, wakapanga mbao na nondo, wakamwaga zege.

Jioni Cecilia alipita pale, zege bado bichi. Alijua anachotakiwa kufanya. Lakini miguu ilikuwa inawaka moto, watu walikuwa bado wanapita, na akajiambia kwamba kisima kilichozibwa si kisima tena. Akaenda zake nyumbani.

Alimkuta Lea kakaa kizingitini. Akamwita. Mtoto akageuza kichwa, akamtazama, hakuitika.

Hakuitika kesho yake, wala wiki ile, wala mwezi ule. Alikula, alivaa sare, alinakili yaliyoandikwa ubaoni. Sauti tu ndiyo haikuwepo. Zahanati walimmulika koo wakasema koo zima kabisa. Padri alimwombea. Sisi majirani tulisema yetu, kama kawaida yetu. Cecilia alikuwa anajua, na kule kujua kulimchosha kuliko ngazi zile. Alikonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili.

Mwishoni akamwendea Filipo. "Meneja, nakuomba unitobolee tundu tu pale. La kupitisha sauti."

"Mama Lea, zege lile nikiligusa tunafukuzwa wote." Kisha akamtazama alivyoshikilia mlango ili asianguke, akapunguza sauti. "Maji ya bomba la bluu tunayavuta humohumo kisimani. Mimi hayo mambo siyaamini. Ila Jumatatu tunafunga, na mimi sitakuwepo."

Jumatatu akamshika Lea mkono, wakaenda. Jua la utosini. Hakuna mtu. Mashine ya maji imezimwa, mabwawa yametulia tuli. Walipanda ngazi pole pole, akamkalisha mtoto kwenye mdomo wa bomba, miguu ikining'inia ndani. Akainama.

"Lea, twende nyumbani."



Akaita tena. Akaita na tena. Kivuli cha ngazi kikahama upande mmoja wa bwawa kwenda wa pili, naye anaita. Koo likakauka. Bomba lilinuka plastiki iliyochomwa na jua. Halafu likaacha kunuka plastiki. Likanuka ng'ombe.

Angeshuka pale. Alisema mwenyewe, angeshuka. Lakini alikuwa amechoka, ndugu zangu, amechoka kwa namna ambayo mtu hata kuogopa anaona ni kazi. Akalaza paji la uso kwenye ukingo wa bomba. Wala hakuita. Yalimtoka tu.

"Mwanangu, njoo basi. Twende nyumbani."

Chini, kitu kikasogea.

Maji. Mashine imezimwa. Maji yanakuja. Hayashuki. Yanapanda. Polepole, yanasita kwenye kila kona, yanapanda tena. Yakafika juu. Yakalowesha miguu ya Lea. Yakarudi yalikotoka.

Lea akavuta pumzi ndefu.

"Mama," akasema.

Cecilia alimbeba mgongoni njia nzima, binti mkubwa vile, analia na kucheka. Tuliwaona wakipita. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikiwemo.

Jua lilipokuwa linazama, Cecilia alikuwa uani anasonga ugali. Akaita ndani, kwa raha tu ya kuita.

"Lea."

"Naam."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Sauti ilikuwa ya Lea, ile ile nyembamba. Akaita tena, polepole zaidi.

"Lea?"

"Naam, mama."

Mtoto akatoka. Akasimama mlangoni kwa mguu mmoja, wayo wa pili kauegemeza kwenye goti, anatazama mbali kule nyika inakoanzia. Nyumba ile haijawahi kufuga hata kuku.

"Ng'ombe wameshakunywa?" akauliza.

Tangu hapo, watoto wanaoteleza kwenye bomba la bluu wanasema kuna msichana ndani. Ukimwita mwenzako humo, jina lolote lile, kuna anayeitika. Filipo ameweka kibao kinachokataza kelele. Cecilia bado yuko juu ya ngazi, anasukuma. Foleni ikiisha huinama akanong'ona, "Lea, twende nyumbani," na kila siku hujibiwa, "Abee, mama, nakuja." Hajawahi kuja. Nyumbani pamekaliwa, na aliyepo Cecilia hana moyo wa kumfukuza. Naye alimkosa mama yake muda mrefu.

Juzi nilipita uani kwao saa ya chakula. Mtoto amesimama palepale mlangoni, kwa mguu mmoja, anauliza lile swali lake. Cecilia hakuinua hata macho. Akamsogezea sahani.

"Wameshakunywa, baba," akasema. "Kaa ule."