Mdomo wa Kanali

Sumaku haikunasa.

Mpelelezi Sindano aliibandika tena kwenye mguu wa mtambo uliokuwa ndani ya kasha. Ikateleza, ikaanguka. Hati zilisema ni mtambo wa chuma wa kuchimbia visima. Chuma gani hiki kisichopenda sumaku?

Titani, metali nyepesi kuliko chuma. Huu ulikuwa mzinga mwepesi wa kukokotwa, ule unaoning'inizwa chini ya helikopta na kupiga kilomita thelathini. Ulioripotiwa kuteketea vitani miaka mitatu iliyopita, pamoja na wapiga mizinga wake watano.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake Sindano. Mama yao alizika jeneza tupu.

"Mkuu, ndio wenyewe," alinong'ona redioni.

"Na Kanali wa kikosi, aliyeuuza?"

"Yumo humu ghalani. Sura ameibadilisha, sijui ni yupi."

"Lori linaondoka baada ya dakika kumi. Namtaka akiwa hai."

"Nitajitahidi."

Alijitokeza, bastola ya Glock mkononi. Wanaume watatu wenye ovaroli wakainua mikono.

"Bosi, sisi wapagazi tu," alisema mwenye ndevu.

"Na mimi ni bibi harusi."

Kumhoji mwongo ni kutwanga maji kwenye kinu. Sindano akaishika kamba ya kufyatulia mzinga, akapaza sauti ya uwanja wa mazoezi.

"Mzinga tayari! Piga!"

Akavuta.

Mwenye ndevu alitimua mbio, akaangukia mikononi mwa polisi getini. Mwenye upara alilala kifudifudi akimwita mama yake. Wa tatu, mwenye mvi, aligeuza bega, akaziba masikio, akaachama mdomo. Ndivyo wafanyavyo wapiga mizinga ili ngoma za masikio zisipasuke. Daktari alimbadilishia pua, mazoea hakuyagusa.

Mzinga ulikuwa mtupu.

"Shikamoo, Kanali."

Mdomo haukuwahi kufungwa. Sindano alikwishautia mtutu wa bastola. Ndio mdomo uliompa mama pole msibani! Kidole kilimwasha. Wallahi, kilimwasha.

Akauchomoa mtutu kidogo.

"Mdogo wangu umemfukia wapi?"

"Nyuma ya karakana... kambi ya zamani. Wote watano. Nilikuwa na amri—"

Kitako cha bastola kilimkatiza. Meno mawili yakadondoka sakafuni.

Sindano akamwacha mikononi mwa polisi, akatoka juani, akapiga simu.

"Mama, jiandae. Kesho tunamzika mtoto wako."

Mama akauliza taratibu: "Na huyo mtu aliyemuua?"

"Yu hai, mama. Kaburi atalifukua yeye."