Mwatima Ausemea Mto

Kila asubuhi Mwatima hutoka nyumbani saa kumi na mbili. Kazi yake ni kea: huwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, karibu na Croydon. Mumewe, Vuai, ni dereva wa basi. Wote wawili ni watu wa Pemba, na wana miaka kumi na moja Landani pamoja na mtoto wao, Miska. Njia ya Mwatima hupita kando ya Mto Pell. Ni mto mdogo, mtu huuvuka kwa hatua sita, lakini yeye huupenda. Hapo ndipo anapopumua kidogo kabla ya kazi.

Mwezi Januari aliona povu jeupe juu ya maji, lenye harufu ya sabuni ya kufulia. Wiki iliyofuata aliona samaki wadogo wanaelea, wamekufa. Alisikitika, akaharakisha kwenda kazini. Alijiambia kwamba serikali italishughulikia jambo hilo.

Jumamosi moja alimkuta jirani yake Serah, nesi kutoka Kenya, amepiga magoti ukingoni akichota maji kwa chupa. Serah ni mmoja wa walinzi wa mto. Hawa ni wakazi wanaojitolea kupima maji na kuiarifu kaunsili, yaani halmashauri ya eneo hilo.

"Kaunsili imeandika azimio, Mama Miska," Serah alisema. "Linasema mto huu una haki zake. Haki ya kutiririka, haki ya kuwa safi, haki ya kulea viumbe wake. Alhamisi ijayo madiwani watalipigia kura."

"Mto una haki? Una mdomo wa kuzidai?"

"Hauna. Ndiyo maana unatuhitaji sisi."

Serah alimweleza mambo yalivyo. Sheria ya nchi bado haiutambui mto kama mtu, na azimio hilo peke yake haliwezi kuibadili. Lakini kuchafua mto tayari ni kosa. Azimio likipita, kaunsili itaahidi kujiuliza kabla ya kila uamuzi kama mto utaumia. Na wakazi watapewa nafasi ya kuusemea.

Mwatima akauliza povu linatoka wapi.

"Mitaa yetu ina mabomba mawili chini ya ardhi," Serah alisema. "Moja hupeleka maji machafu kwenye mtambo wa kuyasafisha. La pili ni la mvua tu, na humwaga maji moja kwa moja mtoni. Mtu akiunganisha mashine ya kufulia na bomba la mvua, sabuni yote huja hapa."

Mwatima akakumbuka jambo. Desemba iliyopita Vuai na rafiki yake Rajab walihamishia mashine ya kufulia kwenye chumba kipya nyuma ya nyumba.

Alirudi nyumbani mbio, akaenda nyuma. Mpira wa kijivu ulitoka kwenye mashine, ukapita ukutani, ukaingia kwenye bomba la mvua linaloshuka kutoka paani.

Vuai alipoambiwa, aliingiwa na hofu. Ombi lao la uraia lilikuwa bado halijajibiwa, na kosa kama hilo lingeweza kuliharibu. Alitaka wautoe ule mpira kimya kimya, na habari iishie hapo.

"Povu lile si la nyumba moja, Baba Miska," Mwatima alimwambia. "Wapo wengine wasiojua, kama sisi tulivyokuwa. Tukificha, nani atawaambia?"

Mwatima alikwenda kwa Serah na kumweleza yote. Serah hakumpa ahadi asiyoweza kuitimiza. Alimpigia simu Humphrey, ofisa wa mitaro wa kaunsili, akamwuliza bila kutaja jina la mtu. Humphrey alisema kwamba aliyekosea bila kujua kwa kawaida hupewa muda wa kurekebisha. Anayejitia matatani ni yule anayeambiwa akapuuza.

Vuai aliposikia hayo, aliomba namba ya ofisa huyo. Kisha akachukua simu, akampigia Humphrey mwenyewe.

Jumatatu alikuja Chaman, fundi bomba kutoka Tooting. Hadi adhuhuri alikuwa amekwisha kuiunganisha mashine na bomba la maji machafu. Jumatano Humphrey alikuja na rangi ya kijani isiyodhuru viumbe. Aliitia ndani ya mashine, akaiwasha. Mwatima na Vuai walikwenda kusimama mtoni, mahali bomba la mvua linapomwagia maji. Walingoja dakika kumi. Wakangoja ishirini. Maji yalitoka bila rangi yoyote.

Simu ya Vuai ikalia. Humphrey alisema rangi ameiona kwenye bomba la maji machafu, pale inapotakiwa kwenda. Kesi imefungwa, na hakuna hatua nyingine.

"Alhamdulillahi," Vuai alisema. Akaketi kwenye majani yaliyolowa, akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alhamisi jioni Mwatima alisimama mbele ya madiwani. Alisema kwa Kiingereza cha polepole.

"Mimi ni mmoja wa waliouchafua mto huu," alisema. "Sikujua kwamba mashine yetu ya kufulia imeunganishwa na bomba la mvua. Nilipojua nilisema, na nikasaidiwa. Naomba mto upewe haki zake, na sisi majirani zake tufundishwe kuzilinda."

Azimio lilipita. Kabla Mwatima hajafika mlangoni, watu watatu walikuwa wamemwomba namba ya fundi wake, Chaman.

Kufikia Aprili nyumba saba zilikuwa zimerekebishwa, na povu lilikuwa limekwisha. Mwezi Mei walinzi wa mto waligeuza mawe na kuhesabu viumbe wanaoishi chini yake, ambao ni dalili ya maji safi. Zamu hiyo ilikuwa ya Mwatima. Kwenye fomu ya kaunsili aliandika kwa mkono wake: uduvi wa mtoni, arubaini na watatu, wote wazima. Akatia saini.