Wasifukazi wa Kavinya

Kila Jumatano, mfereji wa ploti yao, jengo la vyumba vya kupanga huko Kariobangi, Nairobi, ulipofunguliwa, Mutheu alijaza mitungi minne, akaipandisha hadi orofa ya tatu, kisha akafungua vitabu vyake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jumatano hiyo alimkuta dada yake mkubwa, Kavinya, akikunja nguo moja moja na kuzitia mkobani.

"Unaenda wapi?"

"Masii, kwa nyanya. Tangu Mzee Githinji afunge kibanda chake cha ushonaji nimepeleka barua kumi na tisa za kuomba kazi. Hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia simu. Jumapili tunaondoka."

"Tunaondoka?"

"Utahama shule. Mama anafanya kazi Buruburu na analala huko huko. Amesema huwezi kukaa hapa peke yako."

Mutheu aliutua mtungi polepole. Hakutaka kuhama.

"Kuna tangazo kwenye lango la karakana ya kushona sare za shule," akasema. "Nimelisoma nikitoka shule. Wanataka mshonaji anayejua marinda na zipu. Mwisho ni Ijumaa."

"Basi hii iwe ya ishirini. Nenda kwa Perez akuchapishie wasifukazi wangu. Anao kwenye kompyuta."

Perez alikuwa na saiba, kiduka cha kompyuta na uchapaji, pale chini. Mashine ilipokuwa ikinguruma, Mutheu alitupia jicho karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa wasifukazi wa Wakoli, fundi wa mawe, jirani yao. Kisha akasoma wa dada yake. Maneno yalikuwa yale yale: mchapakazi, ana nidhamu, anapenda kusafiri na kuogelea.

"Dada Perez, Kavinya hajui kuogelea. Hata beseni likijaa sana anaogopa!"

Perez akacheka. "We mtoto, hiyo ndiyo fomati. Mimi nabadilisha jina na namba ya simu tu. Mtaa mzima unaitumia. Na umwambie nikimwongezea diploma ataitwa haraka."

Kavinya aliposikia habari ya diploma aliacha kukunja nguo. Mutheu alimwona anaitamani.

"Wengi wanaongeza," Kavinya akasema.

"Na wakikuuliza ulisomea wapi? Watakuona mwongo, na marinda yako hawatayaangalia hata kidogo." Mutheu akafungua daftari. "Nijibu. Kwa Mzee Githinji ulishona miaka mingapi?"

"Minne."

"Sketi za marinda ngapi kwa siku?"

"Kumi. Shule zikifunguliwa, hata kumi na nne."

"Zilirudishwa ngapi?"

"Mwaka jana mbili, zipu zilikuwa zinakwama. Nilizirekebisha siku hiyo hiyo."

"Hilo pia tunaandika."

Waliandika, wakafuta, wakaandika tena. Marinda na zipu waliyaweka juu kabisa, kwa kuwa ndiyo yaliyoulizwa langoni. Kwenye elimu waliandika shule ya msingi, basi. Kuogelea kukaondolewa. Kisha Kavinya akampigia Mzee Githinji kumwomba ruhusa ya kuandika namba yake.

"Andika," mzee akasema. "Lakini mimi sidanganyi. Nitawaambia ulichelewa mara mbili."

"Waambie tu, mzee."

Kesho yake Perez aliupiga chapa wasifukazi huo mpya huku akitikisa kichwa. "Ukurasa mmoja? Mbona mfupi hivi?"

"Mfupi, lakini ni wangu," Kavinya akajibu.

Siku hiyo hiyo aliupeleka karakanani. Ijumaa jioni simu ikalia: Kavinya aliitwa aende kujaribiwa. Jumamosi asubuhi dada hao wawili walikuwa karakanani mbele ya Bi. Qali, mwenye kazi. Mezani kwake palikuwa na karatasi kumi na moja za waombaji wengine.

"Hawa wote wanapenda kuogelea," akasema. "Nikadhani Kariobangi kuna bahari! Haya, kaa kwenye cherehani. Nishonee sketi moja."

Kavinya akakaa. Akakunja marinda, akayashona, kisha akatia zipu. Alipomaliza, Bi. Qali aliigeuza sketi ndani nje, akavuta rinda moja moja, akapandisha na kushusha zipu mara tatu.

"Nilimpigia mzee wako. Amenieleza kwamba ulichelewa mara mbili."

Kavinya akainamisha kichwa.

"Ndipo nikaamini na yale mengine. Anza Jumatatu, saa mbili kamili. Si saa mbili na nusu, umesikia?"

Mutheu aliruka kutoka kwenye benchi. Bi. Qali akamgeukia.

"Na wewe, mwanangu, shika hili. Karatasi yako hufika kwa watu kabla yako. Basi iseme kazi uliyoifanya kwa mikono yako, na ijibu kile mwenye kazi alichouliza. Sifa za mwingine usizichukue. Nguo ya kuazima haisitiri."

Waliporudi, Kavinya aliumwaga mkoba kitandani, akazitundika nguo zake tena. Mutheu hakungoja. Alishuka chini, akamkuta Wakoli akiingia saiba.

"Kaka Wakoli, subiri kwanza," akamwambia, huku akifungua daftari. "Umejenga nyumba ngapi?"