Feni Zilizoamsha Moto

Feni zenyewe zilikuwa ndogo, mbili zinaenea kwenye kiganja kimoja. Kilichomshtua muuguzi siku ile ya kwanza ni upepo wake.

"Weka mkono hapa," mumewe alimwambia, kapiga magoti nyuma ya kabati la televisheni, bisibisi mkononi. "Umeona? Imepoa kama maji ya mtungi."

Mumewe alikuwa karani wa bohari, lakini mtaa mzima ulimwita Waya, maana hakuna kitu cha umeme alichokikuta kimekufa akakiacha kipumzike. Safari hii alikuwa ameokota kwenye vyuma chakavu amplifaya kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, akaifufua. Ila ilikuwa inachemka hata ungeweza kuinyooshea nguo. Ndipo akanunua feni mbili za USB, akazifunga kwa skrubu mgongoni mwake na kuchomeka waya wake kwenye king'amuzi.

Muuguzi akaweka mkono. Feni inayotoa joto ndani ya mashine hupuliza hewa ya moto. Hilo hata mtoto analijua. Hizi zilipuliza baridi, baridi yenye unyevu, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua.

"Mbona baridi hivi?"

"Kumbe ulitaka zipulize uji? Mke wangu, kusifu hujui."

Akacheka, naye akacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Mama yake Waya, aliyeishi nao, kiti chake kilikuwa ubavuni mwa kabati hilo, na hapo ndipo aliposhinda akisikiliza nyimbo zake za zamani. Mchana ule, jua likiwaka hadi lami inanata viatuni, aliomba shuka. Kisha akaomba blanketi. Kabla ya jioni meno yake yalikuwa yanagongana kama vikombe kwenye sinia. Muuguzi akampima joto: nyuzi thelathini na nne. Akadhani kipimo kimeharibika, akajipima mwenyewe. Kipimo kilikuwa kizima.

"Mama, unajisikiaje?"

"Kuna mtu ananiegemea, mwanangu," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Ananiegemea kama mtu anayeota moto."

Muuguzi hakuwa mtu wa kuamini hadithi za majini. Lakini macho yake yalikwenda kwenye feni, mkono ukafuata, akachomoa waya. Haikupita muda mrefu rangi ikarudi midomoni mwa mama, akaomba chai. Wakashusha pumzi. Halafu varnishi ya kabati ikaanza kutoa mapovu.

Amplifaya ilikuwa inachemka. Waya aliichomoa kwenye umeme, ikazidi kuchemka, haina waya hata mmoja uliounganishwa nayo. Pazia la nyuma yake likageuka kahawia, moshi ukaanza kupanda, na ilimbidi arudishe waya wa feni mbio mbio ili nyumba isiungue. Feni zikazunguka. Mashine ikapoa. Na kitini, mama akaanza kutetemeka upya.

"Itoe nje," muuguzi alinong'ona. "Itupe, baba, itupe popote."

Waya akaikumbatia kwa blanketi akaelekea mlangoni, na kila alivyoukaribia mlango ndivyo mama yake alivyokakamaa, vidole vikipinda, kope zikifanya ukungu kama kioo cha friji, hata alipoweka mguu kizingitini kifua cha mama kikakoma kupanda, na muuguzi akapiga ukelele mmoja tu: "Rudi!"

Akarudi. Mama akavuta pumzi.

Tangu hapo nyumba ile ikawa jela isiyo na kufuli. Feni zikizunguka, mama anaganda; zikizimwa, nyumba inataka kuungua. Wakawa wanapokezana kukaa mbele ya kabati, mmoja akichomeka na kuchomoa, mwingine akimpasha mama kwa chupa za maji ya moto. Muuguzi akaomba ruhusa kazini, Waya hakuomba hata hiyo ruhusa, na majirani waliobisha hodi walijibiwa dirishani kwamba mama ana mafua. Na kadiri walivyokaa karibu na zile feni ndivyo walivyozidi kusikia kwamba mvumo wake haukuwa mvumo mtupu. Mnajua watoto wanavyoweka mdomo mbele ya feni wakaongea, sauti ikakatika vipande vipande? Ilikuwa sauti kama hiyo, ila mwenye mdomo alikuwa upande wa pili, ndani ya mashine, naye alikuwa akirudia neno moja kwa upole wa mgonjwa anayeomba maji: ba-ri-di, ba-ri-di, ba-ri-di.

"Unasikia?" muuguzi aliuliza.

"Nyamaza," Waya alijibu, jasho likimtoka. "Tukijibu litajua tunasikia."

Ndipo wakamwita mtabibu, bibi mmoja mwembamba kama uzi, mwenye kikohozi kisichomwacha. Hakuleta vitisho wala mbwembwe. Aliweka kiganja juu ya amplifaya kama anayempapasa paka wa watu, kisha akawageukia.

"Nani aliyeweka feni hizi?"

"Mimi, bibi," Waya alisema.

"Jini ni kiumbe cha moto, mwanangu. Hili lilikuwa limelala humu, limejifunika joto lake, halina habari na mtu. Wewe ukalipepea mpaka likaamka kwa baridi. Sasa linatafuta pa kuota, na hakuna moto mtamu kama damu ya mtu."

"Lifukuze," muuguzi alisema. "Chochote unachotaka tutatoa."

"Hili halifukuzwi. Linahamishwa. Lipeni moto mkubwa kuliko huyu mama." Akakohoa. "Libebwe kifuani, joto la mwili lilidanganye, lisiguswe na upepo. Na likifika litupwe papo hapo. Atakayelibeba asilionee huruma. Umenisikia, fundi? Asilionee huruma."

Mwisho wa barabara yao palikuwa na tanuri la matofali, na wiki hiyo lilikuwa linachomwa. Waya akachomoa feni, akaifunga amplifaya kifuani kwa shuka, nayo ikatulia badala ya kuchemka; akavaa koti juu yake, wakatoka. Safari hii Waya alipovuka kizingiti, mama alipumua sawasawa. Mchana kweupe walitembea, watu wakiwasalimu, Waya akijibu kwa kichwa, mikono yake ikiwa imezunguka ule mzigo. Mwanzo aliubeba kama mzigo. Walipofika kwenye duka la kona alikuwa anaubeba kama kitoto kichanga.

Mbele ya mdomo wa tanuri, moto ukinguruma, alisimama.

"Tupa!"

"Ngoja kidogo. Limetulia."

"Baba, tupa!"

"Linatetemeka, mke wangu. Likigusa upepo hapa katikati litaumia." Na akafungua vifungo vya shati, akakigusisha kile chuma kwenye ngozi yake.

Muuguzi hakungoja. Alimvamia, akaipokonya, akaivurumisha motoni. Ndimi za moto zikanyauka zote kwa pamoja, kimya, kama zimevutwa ndani na mtu mwenye kiu, kisha zikarudi. Walipofika nyumbani mama alikuwa jikoni, mikono wazi bila blanketi, anaosha vyombo na kuimba.

Siku ya pili Waya alitoka bila kuaga. Muuguzi alimkuta ameegemea ukuta wa tanuri, macho yamefumba. Wachoma matofali hawakuwa na raha: tanuri ambalo hupoa kwa wiki nzima lilikuwa limepoa kwa usiku mmoja, na matofali yametoka yamepasuka. Wakakusanya vifaa wakaondoka. Waya akabaki. Kila alipovutwa kutoka kwenye uwanja ule, alikakamaa kama alivyokakamaa mama yake. Mtabibu aliitwa tena. Alitazama akiwa mbali, akageuza.

"Limepata nyumba," alisema. "Na nyumba haibebwi."

Muuguzi akampelekea chakula, hakukigusa. Midomo ilikuwa ya buluu. Alipomshika mkono ili ampime mapigo ya moyo, vidole vya Waya vilimfunga kifundo cha mkono, akatabasamu, na sauti iliyotoka ilikuwa yake na si yake.

"Kaa karibu, mke wangu. Una joto zuri."

Angeweza kujinasua, bado alikuwa na nguvu. Lakini aliona rangi ikirudi midomoni mwa mumewe, akamwona akifumbua macho, macho yale yale ya mtu anayefurahia redio iliyofufuka, akimtambua, akilia. Akakaa.

Basi ikawa hivyo. Kila akitoka kazini anapita tanurini, anatoa mkono, anakaa mpaka meno yake yanaanza kugongana. Anarudi nyumbani akishika kuta. Amekonda, wenzake wodini wamemkataza kugusa vichanga kwa sababu vikiguswa naye vinalia.

Jana alirudi akashindwa kupanda ngazi. Mama mkwe alishuka, akamfunika, akampakata kichwa. Alimsugua mikono mpaka vidole vikakunjuka, kisha akavaa viatu vyake vya kutokea.

"Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Kesho zamu yangu, mwanangu. Na leo iliyobaki pia."

Muuguzi alijua neno la kumzuia. Alilijua vizuri, lilikuwa mdomoni. Lakini baridi ilikuwa nyingi mno, na akasogea pembeni kidogo, mama apite.